Marehemu Anatazama Wapi?

Habari za kisiwa cha Tazamani nimeziona kwa macho yangu, na nitazisema kama nilivyoziona. Nilifikaje huko, hilo haliwahusu, aliyefika kafika. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuambiwa. Kwetu tuliambiwa ukuta ule uliojengwa ufukweni ni wa kuzuia mawimbi yasile ardhi. Kisha ukuta ukatiwa geti. Kisha geti likatiwa mlinzi. Nikasimama kwenye mkutano wa hadhara nikauliza, tangu lini wimbi likapita getini? Nikajibiwa kwamba mimi ni mchochezi, na kwamba ningekwenda Tazamani nikaone wenzetu walivyoendelea, ningefunga mdomo. Basi nikaenda.

Tazamani ni kisiwa kizuri. Sitaki mtu aseme nimerudi na chuki. Pwani yake yote ni bustani, moja imeshikana na nyingine kama shanga: Bustani ya Pumzi, Bustani ya Mawimbi, Bustani ya Shukrani, na nyingine ambazo majina yake yamenitoka. Nyasi zimekatwa sawasawa, mabenchi yamepakwa mafuta mpaka yanang'aa, na kila penye mandhari kuna kibao. Kibao hakikuelezi unachokiona. Kinakuambia ufanye nini. "Hapa vuta pumzi." "Hapa staajabu." "Hapa mkumbuke umpendaye." Penye kibao cha kustaajabu husimama askari wa Upeo, yaani walinzi wa mandhari, na mtu akitaka kupita kabla hajastaajabu, huombwa kwa adabu asubiri mpaka astaajabu. Mimi nilisimamishwa pale kitambo kizuri. Nilikuwa nimeshastaajabia kibao chenyewe, lakini nikaambiwa hiyo haihesabiwi.

Katikati ya kisiwa kuna Msitu wa Utulivu. Humo wageni hutembea juu ya njia za mbao zilizoinuliwa, wala mguu wa mtu hauruhusiwi kugusa udongo, maana udongo, wanasema, unapumzika. Kati ya msitu unaopumzika na bustani zinazotazamwa pamebaki ukanda mwembamba, na humo ndimo wanamoishi wenyeji. Nyumba zao hazina madirisha upande wa bahari. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba dirisha la mwenyeji humtazama mgeni, na mgeni hakuja kutazamwa.

Kinachounganisha vyote hivi ni Njia ya Mzunguko, wala njia nyingine hakuna, na hapo ndipo ilipo sheria kubwa ya nchi ile. Njia hiyo huzunguka kisiwa chote, nayo huendwa upande mmoja tu, bahari ikiwa mkono wa kushoto. Asili yake ni hii. Zamani alikuja mgeni mkubwa, akatembezwa, akasifu kila alichokiona. Alipokaribia kumaliza, akageuka nyuma, akaona jiko la mtu: sufuria zimefunikwa chini ya jua, na nguo za ndani za mzee fulani zikipepea kambani. Mgeni akanyamaza. Baraza la Mandhari likajadili kunyamaza kule kwa muda mrefu, halafu likapitisha kwamba katika Njia ya Mzunguko hakuna kugeuka nyuma. Uso wa kila apitaye uelekee mbele.

Sasa fikiria mtu ambaye jirani yake, au kisima chake, au mama yake mzazi yuko hatua chache nyuma yake Njiani. Akienda kwa sheria, itambidi azunguke kisiwa kizima, atoke asubuhi afike jioni. Nilitegemea kusikia kwamba waligoma. Hawakugoma, wala hawakuandamana; nililiuliza hili mara kadhaa, kwa uchungu kidogo. Walitafuta ujanja. Waliona kwamba sheria imeshika uso, haikushika miguu. Kwa hiyo Mtazamani akitaka kurudi alikotoka, uso huuacha ukitazama mbele na yeye huenda kinyumenyume.

Kisiwa kizima kinatembea hivyo. Wanawake wana ndoo kichwani, kinyumenyume. Wazee wana mikongojo, kinyumenyume. Wanasalimiana kwa visogo. Wakigongana husema, "Samahani ndugu, sikukuona," na husema kweli tupu. Mwanzoni nilicheka. Wao wenyewe hawaoni kichekesho. Hubishana nani anarudi kwa mwendo mzuri kuliko mwenzake, na wana mashindano ya jambo hilo siku za sikukuu. Hapo kicheko kikanikatika. Nilikumbuka kwetu, tulivyojifunza kujikunja tupite chini ya geti lile, tukawa tunasifiana nani anajikunja vizuri zaidi.

Niliyepewa anitembeze aliitwa Vuai, mwenyeji wa pale aliyeajiriwa kuwa askari wa Upeo. Mtu wa makamo, mpole, mwenye viatu vilivyombana. Tulipofika Bustani ya Shukrani akasimama karibu na benchi, akaniangalia.

"Mgeni, hutaki kukaa kidogo?"

"Sijachoka."

"Kaa, bwana. Nakuomba, kaa."

Nikakaa. Papo hapo naye akajibwaga kando yangu, akavua viatu, akafumba macho. Ndipo aliponieleza kwamba mabenchi ni ya wageni. Mwenyeji haruhusiwi kukaa, ila awe anamhudumia mgeni aliyekaa. Mgeni akiinuka, naye ainuke.

"Na mgeni akikataa kuinuka?"

"Mgeni haondolewi alipokaa mpaka ainuke mwenyewe. Hiyo ni amri ya pili ya Baraza, imechongwa mpaka kwenye malango ya Njia. Kuna mmoja alilala hapa hapa tangu asubuhi mpaka jua likatua. Tulimshikia mwavuli kwa zamu."

"Na nyinyi mkakaa?"

"Tulikaa, bwana," akasema, na akatabasamu kama mtu anayekumbuka harusi yake.

Kesho yake alikuja amechelewa, macho mekundu. Mjomba wake, Mzee Ngwali, alikuwa amefariki alfajiri. Akasema atanitafutia askari mwingine wa kunitembeza. Nikamwambia mimi sikuja kutembezwa, nimekuja kuona. Twende wote msibani. Tukaenda.

Nyumba ilikuwa moja ya zile zisizo na madirisha. Maiti alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, na jeneza lipo tayari ukumbini. Mjane wake, Bi Mize, alikuwa mwanamke mfupi asiyesema sana. Alichokitaka kilikuwa kimoja, na alikirudia kwa kila aliyeingia kumpa pole: azikwe leo, azikwe kando ya Hidaya. Hidaya alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyetangulia zamani. "Nilimuahidi," alisema. "Nilimwambia, baba Hidaya, wewe nenda tu, nitakulaza kwa mwanao." Makaburi yenyewe yalikuwa nyuma ya nyumba ile ile kwa kuifuata Njia, umbali wa kutupa jiwe.

Miguuni pa jeneza alikaa bibi mmoja mwembamba, Bi Sikudhani, mtani wa ukoo, yule ambaye desturi humruhusu kumtania maiti na wafiwa bila mtu kununa.

"Ngwali, leo umeoga mapema!" alisema. "Miaka yote tunakusukuma kisimani kama mbuzi. Kumbe ulikuwa unangoja uogeshwe, mvivu we!"

Watu wakacheka. Bi Mize naye akacheka, machozi yakamtoka, akashukuru.

Jeneza likatoka. Kule Tazamani wanawake nao husindikiza. Wabebaji wakasimama kwenye Njia ya Mzunguko, nyuso wakazielekeza mbele kama sheria isemavyo, wakaanza kwenda kinyumenyume kuelekea makaburini. Hawajafika mbali filimbi ikalia.

"Simameni!" Askari wa zamu akalizunguka jeneza. "Nyinyi nyuso zenu nimeziona, ziko sawa. Marehemu anatazama wapi?"



"Juu," akasema Vuai.

"Juu si mbele."

"Ndugu yangu, amekufa."

"Nimeona kuwa amekufa. Nimeuliza anatazama wapi."

Jambo likapelekwa Barazani, na Baraza, niseme haki yake, lilikutana mara moja katika banda lake la ufukweni. Aliliongoza Mheshimiwa Shekue, Mkuu wa Upeo, mtu wa sauti ya chini na mikono safi. Jeneza likawekwa nje ya banda juani, kwa kuwa kivulini palikuwa na viti vya wajumbe.

Mjumbe wa kwanza alisema maiti amefunikwa uso, na aliyefunikwa uso kisheria hana uso. Asiye na uso hawezi kuuelekeza mbele. Kwa hiyo asipite kabisa, si kwa kwenda wala kwa kurudi. Wa pili alisema huyu ni mzigo, na mizigo isiyo ya wageni imekatazwa Njiani. Wa tatu, kijana aliyesoma nje, aliuliza kama haiwezekani marehemu ahesabiwe kuwa sehemu ya mandhari, mfano wa jiwe au gogo. Basi asingehitaji kwenda popote. Alisifiwa kwa fikra mpya.

Bi Mize alikuwa amechuchumaa akilipepea jeneza kwa ncha ya kanga. "Waheshimiwa," akasema, "jua linapanda."

"Tunakusikia, mama, na tunayatambua machungu yako," akajibu Mheshimiwa Shekue. "Ndiyo maana hatutaki kuharakisha."

Sentensi hiyo naijua. Niliisikia kwetu, mwaka wa ukuta, akiambiwa mwanamke ambaye nyumba yake ilikuwa inabomolewa wakati ule ule anaambiwa. Aliyeisema bado yuko ofisini. Watu wamesahau. Mimi namkumbuka mpaka rangi ya soksi zake.

Adhuhuri ilipopita Mheshimiwa Shekue akatoa uamuzi. Alisema wazee wetu wamefundisha kwamba aliyekufa ni msafiri. Msafiri si mwenyeji wa mahali. Asiye mwenyeji ni mgeni. Na mgeni katika kisiwa hiki anaheshimiwa: ataifuata Njia kama wageni wote, bahari ikiwa mkono wa kushoto, atapitishwa kila bustani, na kwa heshima hiyo atafika makaburini.

Wajumbe wakapiga makofi. Uamuzi haukumkosea mtu hata mmoja kati yao. Akaletwa askari na utepe wa buluu wa wageni, kama ule niliofungwa mimi mkononi, akaufunga kwenye mpini wa jeneza. Mwingine akaleta kofia ya ukili, wanayopewa wageni wajikinge na jua, akaiweka juu ya kifuniko. Aliiweka taratibu, akahakikisha haianguki.

Basi wakayapa makaburi mgongo, yale yaliyokuwa pale pale, wakaenda kuyatafuta upande wa pili wa dunia yao.

Nilitembea nyuma ya jeneza. Bustani ya Pumzi tulisimamishwa tuvute pumzi, tukavuta. Askari akalitazama jeneza, akasema, "Yeye nimemsamehe."

"Msamehe, baba," akasema Bi Sikudhani. "Zake ameshazivuta zote."

Kulia kwa sauti kulikatazwa, kwa kuwa wageni walikuwa wanasikiliza mawimbi. Bibi mmoja mgeni, mwenye heshima zake, alimuuliza Vuai kama maonyesho haya hufanyika kila siku au kwa msimu. Vuai akamjibu, "Kila mtu mara moja, mama." Bibi akashukuru, akapiga picha.

Kwenye kibao cha kustaajabu tuliganda. Wabebaji mabega yalikuwa yanawawaka. Walibadilishana, na waliobadilishwa hawakuwa na pa kukaa. Bi Sikudhani akagonga mbao za jeneza kwa kidole.

"Ngwali, staajabu basi tuondoke! Umezaliwa hapa, umezeekea hapa, umekaa miaka yote unatazama ukuta wa nyumba yako. Leo unaonyeshwa bahari, na macho umefumba. Kweli mtu huna bahati."

Hapo hakucheka mtu.

Tulipofika Bustani ya Shukrani jua lilikuwa limeinama, na hata nusu ya mzunguko tulikuwa hatujaimaliza. Bi Mize akashika mpini wa jeneza. Wabebaji wakasimama.

"Vuai mwanangu. Tukienda hivi tutafika saa ngapi?"

"Hatufiki leo, mama," akasema Vuai. "Lango la mbele hufungwa jua likitua. Itabidi tulale naye njiani."

"Kwa joto hili?"

Vuai akaitazama njia iliyobaki.

"Atanuka," akasema Bi Mize. Alilisema hivyo tu, kama anayetaja bei ya chumvi. "Mume wangu alikuwa hatoki nje na shati lenye kola chafu. Leo atanuka mbele za watu, na kofia ya watu kichwani."

Wote wakatazama chini. Bi Sikudhani, ambaye mdomo wake ulikuwa haujafunga tangu asubuhi, aliinama karibu na mpini. Alikuwa anautazama utepe wa buluu. Halafu akamgeukia Vuai.

"We Vuai. Huyu ni mgeni au si mgeni?"

"Ni mgeni, bibi. Baraza limesema."

"Na mgeni akikaa mahali?"

 Vuai akaitazama sare yake kuanzia kifua mpaka viatu.  Kisha akaisoma amri ya pili kwa sauti ile ile aliyonisomea mimi, ila safari hii polepole:

"Mgeni haondolewi alipokaa mpaka ainuke mwenyewe."

"Basi kaa, Ngwali," akasema mtani.

Bi Mize alikuwa wa mwisho kuelewa, au labda wa kwanza, maana uso wake ulibadilika. "Na Hidaya?"

"Hidaya yuko na bibi zake, mwenzangu. Ana kwake. Wa kulala nje leo ni huyu."

"Nilimuahidi."

"Ulimuahidi akiwa mwenyeji. Waliomgeuza mgeni ni wao, si wewe."

Mjane akasimama pale muda. Hakuna aliyemharakisha, hiyo ndiyo haraka pekee niliyoona ikizuiwa kwa haki siku ile. Mwishowe akaenda mwenyewe mpaka mbele ya benchi la katikati, lile tulilokalia mimi na Vuai, ambapo bahari imefunguka yote bila mti wala nguzo. Akakanyaga nyasi kwa kisigino.

"Hapa."

Vuai akavua kofia ya kazi, akaiacha juu ya benchi, akaenda kibandani kwa watunza bustani. Akarudi na makoleo na jembe.

Waligeuza nyasi zile zilizokatwa sawasawa, wakachimba zamu kwa zamu, wakachonga mwanandani vizuri, hakuna aliyelipua. Filimbi zikaanza. Askari wa lango la mbele alituona kwa mbali, na kwa kuwa kutufikia kulimlazimu arudi alikotoka, alikuja mbio kinyumenyume, akipuliza filimbi kuelekea asikokwenda, akajikwaa kwenye kibao cha shukrani akaanguka nacho. Mheshimiwa Shekue alifika kwa upande halali, bahari mkono wa kushoto, lakini alipofika udongo ulikuwa umeshasawazishwa na dua inasomwa. Alisubiri dua iishe. Ni mtu mwenye adabu, hilo nalikubali.

"Mmefanya nini?"

"Mgeni alichoka, mheshimiwa," akasema Bi Sikudhani. "Amekaa."

"Atolewe."

"Mheshimiwa," akasema Vuai, kichwa wazi, matope mpaka magotini, "mgeni haondolewi alipokaa mpaka ainuke mwenyewe."

Mheshimiwa Shekue akawatazama wajumbe waliomfuata. Mjumbe wa kwanza akanong'ona kwamba yawezekana kutangaza kuwa marehemu hakuwa mgeni. Wa pili akanong'ona kwamba ikiwa hakuwa mgeni, basi uamuzi wa leo ulikuwa makosa, na Baraza halijawahi kukosea. Wa tatu akasema ndiyo maana yeye alipendekeza gogo.

Wakajadili pale pale, wamesimama, maana wote walikuwa wenyeji na benchi lilikuwa mbele yao. Jua likatua mbele ya macho yetu sote, jekundu, zuri kweli. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilistaajabu bila kuamriwa. Uamuzi ukawa huu: mgeni aachwe. Kibao kilichovunjika kiondolewe, kiwekwe kingine chenye maneno, "Hapa nyamaza."

Vuai aliachishwa kazi kesho yake. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema miguu yake imeanza kupona.

Kabla sijaondoka kisiwani nilipita Bustani ya Shukrani. Bi Mize alikuwa amekaa kwenye benchi la katikati, miguu ameinyoosha, chupa ya chai kando yake. Kaburi lilikuwa mbele yake na bahari mbele ya kaburi. Aliniambia asubuhi hurudi kinyumenyume kwa Hidaya, na alasiri huja mbele kwa baba yake. Nikamuuliza anaona nini anapokaa hapo.

"Bahari," akasema. "Nimeipita tangu utotoni. Kumbe ukiikalia, inazidi kuwa pana."

Askari mpya akaja, kijana wa watu, sare haijakunjuka mikunjo ya dukani. Akasimama kando ya benchi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mabenchi haya ni ya wageni."

"Najua. Ninamhudumia mgeni."

Askari akatazama kaburi. "Sasa mama, utakaa mpaka lini?"

Bi Mize akafungua chupa, akajimiminia chai, akaipuliza.

"Mpaka ainuke," akasema.

Askari akatazama kaburi tena, akatazama bahari, akatazama nafasi iliyobaki kwenye benchi. Kisha akaondoka, kinyumenyume.